Balehe bila kubabaika: maswali ya vijana na wazazi kuhusu mwili na moyo

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara vijana wakiruhusiwa kuuliza bila kutaja jina: kwenye vikaratasi vilivyokunjwa darasani, kwenye simu usiku, au kwa shangazi kabla mama hajajua. Mengi jibu lake ni "kawaida, subiri". Machache hayasubiri hata hadi asubuhi, na mara nyingi hayo ndiyo kijana huyaficha zaidi. Kila jibu linasomeka peke yake; pale mambo yanapoingiliana utaelekezwa swali jingine.

## Mambo ya msingi

1. Balehe huanza lini, na nitajuaje kama nimechelewa?

Msichana huanza kati ya miaka 8 na 13. Dalili ya kwanza huwa matiti kuchomoza, na titi moja linaweza kutangulia jingine kwa miezi. Kile kivimbe kigumu chini ya chuchu kinachouma ukikigusa si saratani. Hedhi huja miaka miwili hadi mitatu baadaye. Mvulana huanza kati ya miaka 9 na 14, na kinachotangulia ni korodani kukua. Sauti nzito na ndevu ni za mwishoni, kwa hiyo anayejipima kwa ndevu anajipima kwa kitu kisicho sahihi.

Muone daktari ikiwa msichana amefikisha miaka 13 bila dalili yoyote au 15 bila hedhi, au mvulana amefikisha 14 bila badiliko. Vivyo hivyo kwa wanaowahi mno: msichana kabla ya miaka 8, mvulana kabla ya 9.

Kuna hali moja inayosahaulika: msichana mwenye matiti na vinyweleo, anayeumwa tumbo la chini kila mwezi, lakini damu haijawahi kutoka. Huenda damu ipo na imefungiwa ndani kwa sababu utando wa uke hauna tundu. Ni upasuaji mdogo tu, lakini akiachwa anateseka kwa miezi huku akipewa dawa za minyoo.

2. Wenzangu wote wamerefuka, mimi nimebaki vilevile. Nina tatizo?

Wasichana hurefuka kwa kasi mwanzoni mwa balehe, wavulana kama miaka miwili baadaye. Ndiyo maana Kidato cha Kwanza wasichana huwazidi wavulana kimo, na Kidato cha Tatu mambo yamegeuka. Waulize wazazi wao walirefuka lini. Uchelewaji wa aina hii hurithiwa sana. Kama hurefuki kabisa kwa mwaka mzima, umepungua uzito, au umefikia umri uliotajwa kwenye swali la 1 bila dalili, nenda ukapimwe.

3. Naoga asubuhi na jioni lakini kikwapa hakiishi. Nifanyeje?

Tezi za kwapani huamka wakati wa balehe, na harufu hutokana na bakteria wanaokula jasho hilo. Sugua kwapa kwa sabuni, kausha kabisa, ndipo upake dawa ya kuzuia jasho. Usiku inafanya kazi vizuri zaidi kuliko asubuhi ukiwa umeshaanza kutoka jasho. Kisha angalia shati la sare. Mara nyingi mwili ni safi, ila kwapa la shati ndilo halijafikichwa. Limau liache jikoni: likikaa kwenye ngozi ukatoka juani, linaweza kukuachia malengelenge na madoa meusi.

4. Chunusi zimejaa usoni. Nipake nini?

Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, kwa vidole, bila kusugua kwa taulo gumu. Duka la dawa waulize dawa ya benzoili paroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, upake kidogo usiku. Itakausha ngozi na itapausha foronya, hayo yategemee. Matokeo huonekana baada ya wiki 6 hadi 8, na hapo ndipo vijana wengi hushindwa: wiki ya pili wamekata tamaa, wametumbua, wamebaki na makovu.

Sasa kuhusu zile tyubu ndogo ambazo rafiki atakwambia "hii ndiyo kiboko". Nyingi ni za steroidi. Siku tatu za kwanza uso unang'aa, kila mtu anakusifia. Miezi miwili baadaye ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na chunusi zinarudi kwa hasira kila ukiacha kupaka. Mkorogo ni mbaya zaidi, kwa sababu hata anayeuchanganya hajui ndani kuna nini. Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwenye vipodozi lakini bado vinapatikana. Dawa ya meno nayo inaunguza tu.

Chunusi kubwa zenye usaha zinazoacha mashimo ni za daktari wa ngozi. Na kama uso unakufanya ukwepe shule, soma pia swali la 15.

## Hedhi, damu na mkojo

5. Nimevunja ungo mwaka jana, lakini hedhi inaruka hata miezi miwili. Ni ugonjwa?

Miaka miwili au mitatu ya mwanzo mzunguko huwa haujatulia. Kwa kijana, siku 21 hadi 45 kutoka mwanzo wa hedhi moja hadi nyingine ni kawaida, na damu hutoka siku 2 hadi 7. Andika tarehe kwenye daftari. Ukipitisha siku 90 bila kuona kitu, nenda kituo cha afya. Kama umewahi kujamiiana, pima mimba kwanza, hata kama "ilikuwa mara moja tu".

Msichana anayejinyima kula ili apungue, au anayefanya mazoezi makali, hedhi inaweza kukata kabisa. Huo ni mwili unaobana matumizi, na mifupa ndiyo inayolipa.

6. Naumwa tumbo la hedhi hadi nalia. Bibi anasema ni chango, nikizaa litaisha. Kweli?

Bibi hajakosea kuona kwamba wengine hupata nafuu baada ya kuzaa. Lakini kumwambia msichana wa miaka 15 asubiri mtoto si matibabu.

Maumivu haya husababishwa na kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazokaza misuli ya mfuko wa uzazi ili usukume damu. Zikizidi, ndipo unapopata na kuharisha, kichefuchefu, na mgongo kuuma. Ibuprofeni huzuia kemikali hizo kutengenezwa, kwa hiyo siri yake ni kuiwahi: imeze dalili zinapoanza, ukiwa umekula, kwa kipimo cha kwenye boksi. Wengi humeza baada ya kuvumilia siku nzima, kisha wanasema haifanyi kazi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na dawa za aina hii asiitumie, atumie parasetamoli. Chupa ya maji ya moto tumboni husaidia kweli, na kutembeatembea kunasaidia kuliko kujikunja kitandani.

Kama dawa hazisaidii kwa miezi mitatu, maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka, au yanakuja hata usipokuwa mwezini, mtajie daktari neno endometriosisi. Ni ugonjwa ambao tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, na huchelewa kugundulika kwa sababu kila mtu anamwambia mgonjwa avumilie.

7. Damu nyingi ni ipi hasa?

Ni ile inayolowesha pedi ndani ya saa moja au mbili, kwa saa kadhaa mfululizo. Au inayozidi siku 7. Au yenye mabonge makubwa. Ikiwa pia unatokwa damu puani na kwenye fizi mara kwa mara, huenda una tatizo la damu kuganda, na balehe ndiyo imelifichua. Ukisikia kizunguzungu ukisimama, usingoje siku ya kliniki.

8. Natamani sana udongo na mchele mbichi. Mbona wajawazito wanakula na hawafi?

Hamu ya kula udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Vile vipande vya kijivu vinavyopangwa kwenye mafungu sokoni, vinavyoitwa pemba, na kwa wenzetu wa Kenya odowa, havikuongezei damu. Vinaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vyenyewe huzuia chuma kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe. Yaani unakula kinachokuongezea hamu ya kukila.

Dalili nyingine: kuchoka ukipanda ngazi, moyo kwenda mbio, viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe, kusinzia darasani. Kipimo cha wingi wa damu ni tone moja la kidole. Kwa msichana wa miaka 12 na kuendelea asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Vidonge vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi, usishtuke. Endelea kuvimeza kwa miezi kama ulivyoelekezwa, hata ukishajisikia vizuri.

Kwenye chakula: maini, dagaa, nyama, maharage, mchicha. Kamulia ndimu au ule chungwa, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai ya rangi au ya maziwa ikae mbali na mlo kwa saa moja au zaidi. Watu wengi hawaamini hili, lakini wali maharage ukiteremshiwa na chai unapoteza sehemu kubwa ya chuma chake.

9. Natokwa ute kwenye chupi. Nina ugonjwa?

Ute mweupe au usio na rangi, usionuka wala kuwasha, ni kawaida, na huanza miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza. Ukiwa mzito kama maziwa mgando na unawasha, ni fangasi. Ukiwa wa kijani, wa njano, au una harufu ya samaki, nenda kapimwe. Ndani ya uke hapaoshwi kwa sabuni, wala Dettol, wala maji ya chumvi.

10. Mkojo unaniuma. Ni kwa sababu ya vyoo vya shule?

Choo kichafu chenyewe si chanzo kikuu. Chanzo ni kubana mkojo kutoka saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri na kutokunywa maji makusudi ili usiende. Bakteria wanapata muda wa kuzaliana. Kunywa maji, kojoa kila mapumziko, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Maumivu ya mgongo na homa vikiongezeka, maambukizi yamefika kwenye figo. Nenda siku hiyohiyo.

Mkojo wenye damu ni habari nyingine, hasa kwa anayeogelea mitoni na madimbwini katika sehemu za Kanda ya Ziwa, Pwani na Zanzibar. Hicho kinaweza kuwa kichocho. Kuna mahali wavulana hudhani ndiyo dalili ya kuwa mwanamume. Sivyo. Dawa yake ni prazikwanteli, na kisipotibiwa huharibu kibofu, na kwa wasichana hata njia ya uzazi.

## Wavulana, ambao hawaulizi

11. Matiti yangu yamevimba na mimi ni mvulana. Wananicheka.

Karibu nusu ya wavulana hupata hali hii, kwa sababu homoni za kiume na za kike hazijapata uwiano. Huisha yenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Vaa fulana ndani ya shati ukitaka. Likitoa majimaji, likikua haraka, au kama unameza dawa au poda za kujaza misuli, muone daktari. Bangi nayo imehusishwa na hali hii.

12. Ndoto nyevu na punyeto vinamaliza nguvu au kuleta upofu?

Hapana kwa vyote viwili. Shahawa hutengenezwa kila siku, na ndoto nyevu ni namna mwili unavyotoa zilizozidi. Kidini kila mmoja ana mafundisho yake na ni haki yake kuyafuata; kitabibu, punyeto haileti utasa, upofu wala wazimu. Inakuwa tatizo inapokula muda wa masomo, usingizi au marafiki, na mara nyingi nyuma yake kuna upweke au video za ngono ambazo kijana ameshindwa kuziacha.

13. Korodani moja imeanza kuuma ghafla. Nasubiri kesho?

Usisubiri. Mwambie mtu mzima sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku.

Maumivu makali ya ghafla ya korodani moja, pengine na kutapika, pengine yakionekana kama tumbo la chini, huweza kuwa korodani iliyojisokota na kukata mishipa yake ya damu. Inatakiwa kufunguliwa kwa upasuaji ndani ya saa 6 au karibu na hapo. Ikipita nusu siku, uwezekano wa kuipoteza ni mkubwa. Wavulana huipoteza kwa aibu: anamwambia mama "tumbo linauma", anapewa dawa ya tumbo, analala. Au mzee anasema ni ngiri, ikandwe. Mzazi, mwanao akijikunja na kutapika bila sababu, muulize waziwazi kama panauma huko chini.

Dharura nyingine ni kwa vijana wenye selimundu (sikoseli): uume kusimama bila hamu, kwa maumivu, usishuke. Kojoa, kunywa maji, tembea. Ukizidi saa mbili, elekea hospitali. Ukivuka saa nne, tishu zinaweza kuharibika moja kwa moja.

## Moyo na akili

14. Usiku sipati usingizi, asubuhi siamki. Mama anasema ni uvivu.

Wakati wa balehe homoni ya usingizi huchelewa kutoka, kama kwa saa mbili. Mwili wa kijana hausikii usingizi saa tatu usiku hata akilazwa kwa fimbo. Tatizo ni kwamba kengele ya bweni haijui hilo: prepo inaisha saa nne, taa zinazimwa saa tano, saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye foleni ya maji. Hizo ni saa sita, na anahitaji 8 hadi 10. Hasira nyingi tunazoziita "kiburi cha balehe" ni usingizi.

Unachoweza kubadilisha: simu ilale chumba kingine, vinywaji vya kuongeza nguvu visinywewe mchana wala jioni, na wikendi usifidie kwa kulala hadi adhuhuri, maana Jumatatu itakuwa ngumu zaidi.

15. Nitajuaje kama ni huzuni tu au ni sonona?

Huzuni ina sababu na inapumzika. Umefeli, umeachwa, umefiwa, unalia, lakini ukisikia kichekesho unacheka. Sonona hukaa siku nyingi mfululizo, wiki mbili au zaidi, na inanyang'anya hata vile ulivyovipenda: mpira, kwaya, kusukana nywele na rafiki. Hamu ya kula inapotea au inazidi, usingizi unaharibika, unajiona huna thamani. Kwa vijana, hasa wavulana, mara nyingi haionekani kama machozi. Inaonekana kama ukali, utoro, alama kushuka, kubeti, bangi, au kichwa na tumbo visivyopona kwa dawa yoyote.

Ni ugonjwa na una tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Anza na mwalimu wa ushauri unayemwamini, au kituo cha afya wakuelekeze hospitali ya wilaya. Watu huogopa kusikia "kapelekwa Mirembe", au Kenya "kapelekwa Mathari", yaani hospitali za magonjwa ya akili. Kuongea na mtaalamu wa afya ya akili kliniki na kurudi nyumbani jioni ni jambo tofauti kabisa na kulazwa.

16. Kabla ya mtihani kifua kinabana, mikono inakufa ganzi, naona nakufa. Ni moyo?

Mara nyingi ni shambulio la hofu. Hufikia kilele ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita, rudia. Ganzi ya mikono hutokana na kuhema haraka mno.

Lakini ukizimia ukikimbia, ukivimba miguu, au ukiwa na historia ya maumivu ya viungo yenye homa, nenda kapimwe moyo. Homa ya baridi yabisi bado inaharibu moyo wa watoto wengi huku kwetu. Upungufu wa damu nao huleta mapigo ya kasi (swali la 8).

17. Nimeona mwanangu amejikata mkononi. Je, nikimuuliza kuhusu kujiua nitampa wazo?

Hutampa. Kumuuliza waziwazi, kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, umewahi kufikiria kufa?" humpunguzia mzigo. Kujikata mara nyingi ni njia ya kutuliza maumivu ya ndani, lakini lichukuliwe kwa uzito. Usimchape, usimtangaze kwa ukoo, usimpeleke kwanza kuombewa halafu ukaishia hapo.

Akisema ndiyo, asiachwe peke yake. Dawa za shamba, za mifugo na vidonge vifungiwe au vitolewe nyumbani. Mpeleke hospitali siku hiyo. Kijana unayesoma hili ukiwa na mawazo hayo: mwambie mtu mzima mmoja leo, au piga 116, Tanzania na Kenya ni bure.

18. Shuleni kwetu wasichana wanaanguka na kupiga kelele kwa pamoja. Ni mapepo?

Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, 95 kati ya wanafunzi 159 walikuwa wameshikwa, na walioenda nyumbani wakakipeleka kicheko hicho vijijini. Maabara hazikupata kidudu wala sumu. Wataalamu huita hali hii mlipuko wa kisaikolojia wa kundi: msongo mkubwa katika mazingira yaliyobanwa hupata njia ya kutokea mwilini, na macho na masikio ndiyo hueneza.

Dalili ni za kweli, wasichana hawaigizi. Kinachosaidia ni kuwatenganisha kwa utulivu, kuondoa watazamaji na kamera za simu, kuwapima ili kuhakikisha si sumu ya chakula wala homa, kisha kuuliza ni nini kinachowabana: adhabu, njaa, mitihani, au mtu mzima anayewasumbua. Hili la mwisho liulizwe kwa faragha. Maombi hayakatazwi, ila yakifanyika mbele ya shule nzima kwa kelele, walioanguka huwa wengi zaidi.

## Maswali magumu zaidi

19. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inaleta utasa?

Hapana. Inazuia aina za kirusi cha HPV, na aina mbili tu kati yake, 16 na 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Kenya ilianza 2019. Inatolewa mapema kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya kukutana na kirusi, kwa hiyo kumchanja binti hakumaanishi kumruhusu kitu.

20. Naweza kupima VVU bila mzazi kujua?

Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya 2019, mwenye miaka 15 na zaidi anaweza kupima kwa ridhaa yake mwenyewe. Chini ya hapo anahitaji mzazi au mlezi.

21. Nimebakwa, na aliyenifanyia ni ndugu. Nianzie wapi?

Anzia hospitali, haraka. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120, mapema zaidi ni bora zaidi. Usioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa ukiweza. Kama umeshaoga, nenda tu. Tanzania kuna vituo vya mkono kwa mkono katika baadhi ya hospitali, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 itakuelekeza. Siku zikiwa zimepita, bado nenda: kuna vipimo, kuna tiba, na kuna kukuondoa kwenye nyumba hiyo. Kikao cha familia cha "tuyamalize wenyewe" hakina mamlaka juu ya kosa hili.

22. Nikifika kituoni nesi atanigombeza. Niseme nini?

Wapo wanaogombeza, ni kweli. Uliza kama kituo kina huduma rafiki kwa vijana na siku yake. Vingi vina chumba au saa maalumu. Ukiwa umekwenda na mzazi, una haki ya kuomba uongee na mtoa huduma peke yako kwa dakika chache. Sema: "Naomba niongee nawe faragha."

Kama maneno yanakukwama, andika kwenye karatasi mambo manne: kilianza lini, kinatokea mara ngapi, kinakuzuia kufanya nini, na dawa ulizokwisha kutumia zikiwemo za kienyeji. Wasichana waongeze tarehe ya hedhi ya mwisho. Mpe karatasi asome. Asipokusikiliza, rudi siku nyingine umuombe mwingine.